Gramu Kumi na Moja

Jumanne, Kizwite

Wanaume wenye bahati kama yangu Sumbawanga nzima hatufiki watatu. Miaka hamsini na nne, nimekula vya Lusaka na vya Lubumbashi, na leo kliniki ya sukari nesi kanitoboa kidole akasema, "Mzee, damu yako ya kijana!"

Ila mke wangu. Sukari yake imepanda tena, na kile kidonda cha mguuni hakifungi.

Nesi alimuuliza anakunywa nini. Akatoa kwenye kikapu chupa ya juisi anayokwenda nayo shambani Pito kila siku. Mimi ndiye niliyemkataza chai ya sukari. Nikamletea juisi ya Zambia, nikamsomea lebo kwa mbwembwe: sukari gramu kumi na moja tu, mama, kunywa!

Nesi akaigeuza ile chupa. "Baba, hizo kumi na moja ni za mililita mia. Chupa ni lita nzima. Zidisha mara kumi."

Nikaichukua chupa, nikaisoma lebo upya.

Mama Anita hakufoka. Aliniuliza tu, "Si ulisema Kizungu unakijua, Baba Anita?"

Nimemwaga chupa zote nne zilizobaki. Yeye amelala, mguu juu ya mto. Naogopa wasije wakaniambia huo mguu...

Na ile damu ya kijana ni uongo. Nilipoitwa ninyooshe kidole nilisema naenda chooni, nikaenda kumsubiri mke wangu getini. Sijapimwa.