Suti ya Baba na Piano ya Kaka

Shoga, nimejifungia chooni nacheka hadi machozi.

Si unajua kaka yuko ng'ambo anasomea piano? Leo tamasha la chuo chao limerushwa mubashara. Baba kaalika majirani wote. Kavaa na suti, sebuleni kwake mwenyewe!

Mzee mmoja akaketi kwenye piano, profesa wao. Kaka kakaa pembeni, anainuka kumgeuzia kurasa, anaketi. Anainuka, anaketi.

Kurasa, shoga! Saa nzima!

Jirani akashindwa kuvumilia: "Sasa mwanao anapiga saa ngapi?"

Nikajua leo baba kaumbuka. Wapi! Kaweka tai sawa: "Kwani hamkuona? Bila mwanangu, profesa mzima angekwama ukurasa wa kwanza."

Wakapiga makofi, shoga. Hata mimi nikapiga.