Pole Niliyoipeleka Huruma

Jumatatu, 3 Machi
Nashona kamba za ngozi kwenye vyondo, vikapu vyangu vya kuuza, tangu asubuhi. Soko la Kariokor kimya. Kidole gumba kimevimba.

Nekesa alitoka mapema, begi limejaa karatasi za maswali. Mjukuu wangu huyu nimemlea tangu mama yake afe; ananiita Kukhu, nyanya kwa lugha yetu. Ana digrii mbili na bado hazitoshi. Anataka ya tatu, ng'ambo, ile ya kuitwa daktari. Daktari wa vitabu, si wa sindano. Lakini huko hawakuchukui kama hujafanya utafiti kwa mikono yako, na profesa akaandika barua kwamba uliufanya vizuri. Basi anazunguka mtaa wa Huruma nyumba kwa nyumba, akiwauliza akina mama watoto wao wachanga walikufaje.

Kazi gani hii. Shule sikwenda, herufi nilizijulia darasa la ngumbaru meno yakiwa yamepungua. Lakini hilo si swali la kuuliza na kalamu mkononi.

Alhamisi, 6 Machi
Amerudi na kukaa kitandani na viatu. Nikamwambia, "Vua kwanza, kisha ulie." Akacheka. Akalia.

"Kukhu, leo kuna mmoja. Mtoto wake alikuwa wa miezi minne. Amejibu maswali yote na shali ya mtoto iko mapajani."

Jina hakutaja. Wamekatazwa. Alisema tu ni ghorofa ya tatu, juu ya muuza makaa karibu na kioski cha maji, na hakuna aliyekwenda kumpa pole. Majirani wanamwambia atapata mwingine.

Nimekasirika mpaka nikaunguza omena. Mimi nilizika wangu wa miezi saba. Waliniambia hivyo hivyo. Nilipata wengine wanne. Yule sikumpata tena.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefunga kibanda mapema. Nimenunua sukari, majani ya chai, unga. Nyumba ya kilio huingii mikono mitupu.

Ngazi za Huruma ni za kuua wazee. Muuza makaa alinionyesha mlango. Nikamwambia yule mama: aliyekuja na karatasi ni mjukuu wangu, ameniambia habari ya mtoto wako, nimekuja tulie. Alinikumbatia shingoni. Alitaja jina la wake, nikataja la wangu. Miaka mingi sijalitoa mdomoni.

Nekesa sijamwambia. Nimeona ni jambo dogo.

Jumanne, 18 Machi
Nekesa ameingia saa nane mchana. Si saa yake.

Msimamizi wao alirudi kwenye zile nyumba kuhakikisha majibu. Yule mama akawasifu: watu wenu wana utu, hata nyanya wa yule msichana alikuja na sukari. Aliwasifu jamani! Alidhani anamsaidia.

Kumbe walitia sahihi kwamba neno la mtu halitoki. Na zawadi ni mwiko. Amesimamishwa. Majibu yote aliyokusanya yamewekwa kando.

"Kukhu, ulienda kwake aje?"

"Kwa miguu."

Jibu la kijinga. Hakucheka. Akasema, "Nilikuambia wewe. Wewe tu."

Alhamisi, 20 Machi
Nimekwenda ofisini kwao. Profesa ni mwanamke, mdogo kuliko marehemu binti yangu. Nilijiandaa kugombana na mtu mbaya. Akaniletea chai.

Nikasema kosa ni langu, niadhibu mimi. Akasema, "Mama, ningefiwa ningetaka uje. Lakini yule aliongea akijua maneno yake yatabaki mle ndani. Wewe ulikuja na sukari. Mwingine angekuja na umbea."

Nilirudi na maneno yake njia nzima mpaka nyumbani Ziwani. Amesema kweli, na hilo ndilo linaniuma. Barua hataandika.

Jumapili, 23 Machi
Kanisani sikuimba. Nekesa hakuja. Mwaka huu hatatuma maombi ya chuo popote, ameniambia akikunja nguo. Hajanifokea hata mara moja. Angefoka ningejua pa kushika.

Jumanne, 8 Aprili
Nimemwomba msamaha. Si ule wa kuzungukazunguka. Nilisema: nimekuharibia. Akasema, "Yameisha, Kukhu." Hayajaisha. Mimi nilimlea, najua sauti yake.

Ningemwacha yule mama alie peke yake? Nimejiuliza mara nyingi. Kila siku napata jibu tofauti.

Alhamisi, 12 Juni
Nekesa amepata utafiti mwingine, upande wa pili wa mji. Anaanza upya. Profesa mwingine, na labda mwakani barua. Naomba Mungu.

Ni utafiti wa nini, sijui. Nikiuliza anasema, "Iko poa, Kukhu."

Leo amerudi macho mekundu. Nimempakulia sukuma. Amekula polepole, akasema imeiva vizuri. Nikangoja. Akaomba chumvi. Mahali fulani kuna mtu analia, na mlango wake sitaujua.

Nimemwongezea ugali.