Ng'ombe wa Baba Mdogo

Bwenini, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia, au vumbi la Kolo bado linakusumbua? Mimi ni mzima. Uji wa hapa hauna sukari, lakini tumeuzoea.

Najua umesikia kwamba nimepata msaada wa kusoma kidato cha tano. Hujasikia tulivyoponea chupuchupu kuukosa, kwa sababu ya shemeji yako, Baba Mdogo Shabani.

Wale wa mfuko wa kusaidia wanafunzi walitaka kila mtoto aje na mlezi wa kueleza hali ya nyumbani. Njiani nilimsihi, "Baba Mdogo, sema ukweli tu, hatuna kitu." Akaitikia. Lakini alivaa suti ya kuazima, na tangu awe mlinzi wa ofisi ya serikali kule Mtumba hapendi kuonekana mnyonge.

Mama mwenyekiti akamuuliza kwa upole, "Nyumbani mna mifugo?"

"Ipo!" akajibu, akinyoosha koti. "Ng'ombe thelathini. Na shamba la zabibu."

Zabibu, Mama! Sisi ambao hata uwele tunauombea dua!

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Basi tuwasaidie wasio na ng'ombe."

Nikasimama bila ruhusa. "Samahani, mama. Hao ng'ombe ni wa jirani. Sisi tuna mbuzi mmoja, naye anachechemea. Baba alifariki, mama yangu anauza karanga barabarani."

Mzee mmoja wa mfuko akaanza kucheka, wote wakafuata. Baba Mdogo akabaki anatazama viatu vyake, jasho linamtiririka, mpaka nikamwonea huruma.

"Niliogopa," akasema taratibu, "mkituona hohehahe mtadhani na mtoto hana akili."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akaokota tena kalamu, akasema, "Michango, sare na vitabu tutalipa sisi. Ila tajiri kama wewe hatashindwa godoro."

"Hashindwi!" akadakia, kabla hajafikiri.

Siku ya kuripoti shuleni alikuja nalo kichwani. Nililitambua, Mama. Ni lile analolalia yeye. Nilipokataa, akafoka, "Chukua, mimi linanichosha!" Majirani zake anawaambia daktari amemkataza vitu laini.

Nisalimie Bibi, na mwambie mdogo wangu Hawa asome kwa bidii. Shangazi mpe pole ya kumuuguza mtoto.

Shemeji yako akipiga simu, usimwulize analalia nini. Mpe tu pole ya mgongo.

Ni mimi binti yako,
Zuhura