Mama, Ulisikia "Maonevu"

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huko uliko nadhani mnaitikia bila kuchoka, siyo kama sisi huku tunaoitikia macho yakitafuta viatu mlangoni.

Nakuandikia nikiwa sokoni Mukendo, nimekaa katikati ya mafungu yangu ya mitumba. Ungeona soko la siku hizi ungecheka: sabuni tele, mtu anachagua mpaka rangi! Nakumbuka miaka ile ya shida ulivyochemsha majani ya mpapai tufulie. "Imba, mwanangu," ulikuwaga unaniambia, "sabuni ione wivu ije." Haikuja, ila tuliimba.

Lakini barua hii siyo ya sabuni.

Unalikumbuka lile gari la kipaza sauti lilipopita kijijini kwetu Guta, likitangaza kwamba tume inakuja Bunda, mwenye maoni afike? Wewe, mzaliwa wa Butiama uliyejifunza Kiswahili ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, ulisikia "maonevu". Ukaniambia, "Serikali imekumbuka. Inawaita walioonewa." Ukatoa kitenge cha Pasaka, ukapaka miguu mafuta. Nilikuwa nimekuja kukusalimia, nikakusindikiza. Nilihisi umesikia vibaya, lakini sikusema, maana ulikuwa na furaha.

Ukumbini watu walisimama mmoja mmoja. Huyu alisema chama kimoja cha siasa kinatosha, yule viwe vingi. Zamu yako ikafika.

"Mimi ni mjane wa Guta," ulisema. "Mwaka wa kuhamia vijijini nyumba yangu, niliyoikandika kwa mikono hii, ilibomolewa. Mgambo walifika wakati wa chakula. Nikawakaribisha. Wakala ugali wangu, wakanawa, ndipo wakafunga kamba kwenye nguzo wakavuta. Na aliyewaongoza ni yule pale." Ukamnyooshea kidole Mzee Magesa, aliyekuwa katibu kata wetu, ameketi mstari wa mbele, kofia magotini.

Bwana wa tume akasema kwa upole, "Mama, sisi tunauliza, unataka chama kimoja au vingi?"

"Vyovyote, baba. Hata kumi. Mimi nataka huyu aseme alikosea. Alibomoa mbele ya watu, aseme mbele ya watu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mwandikeni, chama cha ugali!" Na mimi, Mungu anirehemu, nikakuvuta nguo: "Kaa chini Mama, unatuaibisha."

Ukakaa. Tulipofika nyumbani ukaniwekea michembe, vile viazi vikavu, na karanga kwenye sahani ya wageni. "Kula, umechoka." Afadhali ungenichapa.

Baadaye, jumuiya ya kanisa iliposali kwako, Mzee Magesa naye alikuja, ukampa kiti chenye mgongo. Nilikufuata jikoni nikakuuliza kama umemsamehe. Ukajibu huku unapuliza moto, "Zamani. Ila yeye hajaniambia nimemsamehe nini."

Ukafariki ukiwa bado unangoja.

Sasa sikia, Mama. Mwezi uliopita Mzee Magesa alikuja hapa kwangu akijikongoja na fimbo. Nilidhani anatafuta koti.

"Binti," akasema, "tuyamalize yale ya mama yako. Wewe na mimi tu, hapa hapa."

Moyo ulitaka kukubali. Mzee jasho linamtoka, na mimi sijui kumkatalia mtu mzima. Lakini nikamwambia, "Baba, msamaha alishautoa mwenyewe. Alichokuwa anangoja ni maneno, na pa kuyasemea alipataja: mbele ya watu. Wewe ulikuwepo." Akageuka akaenda bila kuaga. Wiki nzima rozari yangu ilikuwa ya woga tu, nikijiuliza kama nimemfungia mzee mlango wa mbingu kwa kiburi changu.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Guta, kusali na jumuiya yako. Injili ilipokwisha kusomwa, akasimama. Hakutumia Kiswahili, lugha aliyokuwaga anatuamrishia. Alisema kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama mtu anayevuka mto.

"Nyumba ya yule mjane niliibomoa mimi. Wakubwa waliniagiza niwahamishe watu. Kubomoa siku ileile, vyombo vikiwa bado ndani, hakuniagiza mtu. Nilitaka nionekane hodari. Mama yule alisema kweli pale Bunda, na mimi nikacheka pamoja na ninyi."

Mama, miaka yote tulidhani ni amri ya serikali. Kumbe lile la kubomoa lilikuwa la mtu mmoja aliyetaka sifa.

Pale uwanjani kuku tu ndio walioendelea na mambo yao. Wanawake wenzako wakainamisha vichwa, maana wengi wao walikuwamo ukumbini siku ile. Nami nikajikuta nimesimama, nikasema, "Na mimi, mwanaye, ndiye niliyemkalisha chini asimalize." Mzee Magesa akanitazama, machozi yamemjaa, akasogea kwenye benchi, akanipisha nikae pembeni yake. Nikakaa. Tukamalizia sala hivyo.

Sijui kama huko habari hufika zenyewe. Nimeona nisikae kimya tena, nikuandikie. Pumzika katika amani ya Kristo, na ukipata nafasi, mtajie Mungu jina la mzee huyu, na langu.

Ni mimi,
kifungua mimba wako