Nimempeleka Tulia kwa Mama Zuhura

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko hutaniitikia, lakini nisiposalimia kwanza utasema mji umeniharibu, na leo sitaki kukuongezea sababu. Nimeleta habari za punda wako. Nimempeleka Tulia kwa Mama Zuhura, na ninaandika huku naona haya kama mtoto aliyevunja chungu.

Unakumbuka alivyopata hilo jina? Alikuwa bado mdogo, anarusha mateke mpaka kuku wanahama uwanja, nawe ukawa unamwambia "Tulia, tulia" kutwa nzima, jina likamganda. Tulikuwa tukienda kisimani wewe mbele, yeye katikati na madumu yake, mimi nyuma nikilalamikia miguu. Tukirudi hukai, hunywi maji, hata mtandio huuvui kabla hujamtua mzigo. Yeye anasimama mlangoni, kichwa chini, anakungoja. Ukishamtua unampapasa mgongo wote kwa kiganja, unatafuta palipochubuka, kisha unampiga vikofi viwili shingoni. "Tumefika." Hapo ndipo anakwenda kwenye beseni. Kabla ya neno hilo hanywi, hata awe na kiu ya namna gani.

Na nilipoanza kujifunza cherehani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa tandiko lake, gunia lililojazwa vitambaa, asiumizwe na madumu. Mshono ulipinda kama njia ya mlevi. Wewe ukawaonyesha wanawake wote kisimani, "Mwanangu ameshona," utadhani nimeshona suti ya mkuu wa mkoa.

Tulipokuzika, siku ya kumaliza msiba, Mama Zuhura, rafiki yako wa kisimani, aliniambia, "Mwanangu, wewe maisha yako yako mjini. Niachie Tulia, mimi ananijua." Basi mimi, mbele ya wajomba na majirani, nikatunisha kifua. "Punda wa mama haendi kwa mtu. Nitakaa naye mwenyewe." Wajomba wakanisifu. Mama Zuhura akaendelea kusugua sufuria.

Mama, ni wapi huku mjini Utemini pa kukaa na punda? Nimepanga vyumba viwili, na ua wenyewe ni wa kuanikia nguo za wapangaji wote. Nikamfunga nyuma ya choo. Akilia alfajiri, nyumba nzima inaamka, watoto wakawa wanamuiga. Mwenye nyumba akanijia, "Fundi, hapa wanakaa watu. Chagua mwenyewe." Nikaona nimepata dawa, nikamwazimisha jirani mmoja anayeuza maji, ambebeshe madumu mchana, usiku Tulia alale kwake. Nikamkabidhi pamoja na tandiko, nikarudi kwenye cherehani yangu. Kwa yule jirani ni mtaa wa pili tu. Kila wiki najiambia nitakwenda kumwona Jumapili, Jumapili ikifika nina gauni la harusi ya mtu.

Siku niliyokwenda nilikuta tandiko limeshachanika, limetupwa, madumu yanakaa juu ya mfupa. Kidonda upana wa kiganja changu, nzi wamejaa. Jirani akaniuliza, wala hakuwa na ubaya, "Fundi, si ungemshonea lingine?" Hiyo ndiyo kazi inayonilisha, Mama! Wageni wananisifu kwa mishono, na punda wako hana hata gunia mgongoni.

Nikamchukua, nikamtafutia dawa kwa bwana mifugo, kidonda kikafunga. Lakini pa kumweka sikuwa napo. Akaja mnunuzi mmoja, hakuuliza Tulia anabeba nini wala ana tabia gani, alimvuta ngozi tu, akaivuta tena. Nikaelewa anakotaka kumpeleka, machinjioni, ngozi ikauzwe. Nilimfukuza, Mama, hilo nilifanya. Baada ya hapo mtu wa kumwamini alibaki mmoja, na ndiye yule niliyemtunishia kifua.

Tulitoka kwa miguu, tukalala njiani kwa mjomba. Kijijini nilipita nyuma ya mashamba nisionane na watu. Kwenye njia panda Tulia akakata kona mwenyewe kuelekea kwetu. Nyumba imefungwa, majani yamefika dirishani, yeye anakwenda tu. Nikamvuta kamba. Aligoma, nikamvuta tena, mpaka akafuata.

Nikafika kwa Mama Zuhura, nikamsalimia. "Marahaba. Na huyu punda aliyekonda hivi umemtoa wapi?"

"Ni Tulia, mama."

Akamsogelea, akampapasa mgongo kama ulivyokuwa ukifanya, mkono ukasimama pale palipopona bila kuota manyoya. Nikainama, nikingoja matusi. Nilikuwa nayataka.

"Simchukui wa kupewa," akasema. "Utaniwekesha, kama wazee wetu walivyowekeshana ng'ombe. Mimi nakaa naye, ananibebea maji, lakini wa kwako anabaki wa kwako. Na kila tukishavuna uje umpapase mgongo mwenyewe, uone kama na mimi nimeshindwa kumtunza."

Hiyo "na mimi", Mama! Afadhali angenizaba kibao.

Akamwekea maji kwenye beseni. Tulia hakunywa. Alikwenda akasimama mlangoni, kichwa chini. Hakuwa na mzigo wowote, hata dumu tupu.

"Anangoja nini huyu?" Mama Zuhura akauliza.

Nilijua. Nikampapasa mgongo wote, nikampiga vikofi viwili shingoni. "Tumefika," nikamwambia.

Akaniamini. Akaenda kunywa, na mimi nikaishika njia akiwa bado ameinamia beseni, nisimwone akiinua kichwa kunitafuta. Nimemdanganya punda wako kwa neno lako mwenyewe.

Tandiko jipya nimeshalikata. Nalishona usiku, kazi za watu zikiisha, na wakishavuna nitalipeleka nikiwa nimepitia njia kuu, wanione wote. Ila sijui nikifika nitamwambia neno gani.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
fundi wa ule mshono uliopinda