Nilisifu Divai Ambayo Sikuinusa

Dona Perpétua, mshauri wetu wa kila Jumamosi, shikamoo kama umenizidi miaka, na kama nimekuzidi basi niitikie tu, maana nina miaka sitini na minne na sijawahi kumwandikia mtu wa gazeti, lakini safari hii naomba unishike mkono kwa sababu nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia hata padri wangu, yeye mwenyewe hunywa kwa ushauri wangu. Majina yote humu nimeyabadilisha, hata langu.

Nilikuwa mwonjaji wa divai. Miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi katika ghala moja hapa Vila Nova de Gaia, nikawa mwanamke wa kwanza pale kupewa kiti kwenye meza ya kuonja, na wenzangu waliniita Pua, wala si kwa dhihaka. Nilistaafu miaka mitatu iliyopita nikiwa na jina langu. Sasa Januari mwaka huu nikashikwa na homa kali ya kifua, nikalala siku tisa, na siku ya kumi nikaamka nikachemsha kahawa, nikainua kikombe, kahawa haina harufu. Nikafungua chupa ya siki, hakuna kitu. Nikaenda kabatini nikalitoa shati la marehemu mume wangu, ambalo sijalifua tangu afariki kwa makusudi, nikajifunika nalo usoni, hakuna kitu, na hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni kama mtoto.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia itarudi wiki ijayo, kisha baada ya Pasaka, na Pasaka ikapita, na Mei ikafika pamoja na safari ambayo mimi na rafiki zangu wawili, Felismina na Odete, tulikuwa tumeahidiana tangu watoto wetu wako shule: wiki nzima melini kwenye mto Douro, kutoka hapa Gaia hadi mpakani na Uhispania na kurudi, bila kupika, bila wajukuu, bila mtu wa kutuuliza soksi ziko wapi. Ningewezaje kukataa? Felismina ni mshonaji, mzaliwa wa huko juu mtoni. Odete ameuza mikate sokoni maisha yake yote na ulimi wake hauna breki.

Siku ya kwanza tu, chakula cha jioni, Odete akapaza sauti meza tatu zisikie: "Jamani, huyu mnayemwona hapa ndiye Pua wa Gaia! Albertina, tuambie tunakunywa nini."

Nikafanya niwezalo. Ulimi wangu bado unajua uchachu, unajua uchungu, unajua ile hali ya kukausha fizi, na macho yangu yanasoma rangi, kwa hiyo niliinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, nikanyamaza, nikasubiri mtu mwingine ataje tunda, kisha nikaitikia kwa kichwa. Dona Perpétua, watu waliniona bingwa kuliko zamani, kwa sababu ya kule kunyamaza. Odete peke yake, niliyelala naye chumba kimoja, ndiye aliyenishangaa asubuhi moja. "Wewe huisikii harufu ya hii dizeli? Kichwa kinanipasuka!" Nikamwambia nimezoea. "Umezoea wapi, ulikuwa fundi wa malori?" Tukacheka, yakaisha.

Siku ya nne tukatia nanga Pinhão, na Belmiro, mdogo wake Felismina, akatufuata gatini kwa gari lake la shamba akatupeleka kwake tukale mchana. Ni mtu mtaratibu, hajaoa, mikono kama mizizi. Mizabibu yake imepandwa kwenye matuta ya mawe aliyoyajenga babu yao, na kila mwaka divai yake huchukuliwa na wakala wa kampuni moja ya huku kwetu, inachanganywa na za wengine na kupotelea humo. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, alibakiza mapipa manne ya divai nyekundu kutoka matuta ya juu, akitaka kuitia chupani kwa jina lake mwenyewe. Wakala aliyataka hayo manne pia, na alikuwa anasubiri jibu wiki ileile.

Tulipomaliza mwanambuzi wa kuoka, Belmiro akavua kofia. "Dona Albertina, dada yangu ananiambia wewe ukisema hapana, ghala zima lilikuwa linasema hapana."

"Hiyo zamani," nikamwambia.

"Pua haistaafu!" akasema Odete, mdomo umejaa mkate wa mahindi. "Acha maringo, mwonjee kijana wa watu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi moja tu. Lakini wote watatu walikuwa wananitazama, na sijui nikuelezeje, kwa dakika ile nilikuwa tena mtu niliyekuwa, basi nikashuka nao kwenye chumba cha mapipa, nikaonja la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Ulimini divai zote zilikuwa imara. Nikasema nasikia forosadi zilizoiva, na maua ya pori yanayoota kwenye mawe baada ya mvua, na kwamba mapipa yote manne ni ndugu wa tumbo moja, asilitenge hata moja. Belmiro akatoa simu palepale akampigia wakala: "Sikuuzii. Ndiyo, yote manne. Nimeambiwa na anayejua." Kisha akanikumbatia.

Tulipokuwa tunarudi mtoni, tumekaa juu ya meli, matuta yanapita taratibu pande zote mbili na maji yametulia kama mafuta, Odete akasema, "Mimi mtu wa unga, sijui divai. Lakini ile glasi ya tatu ilininukia blanketi la farasi. Kumbe ndivyo divai ya maana inavyonuka?"

"Nyamaza, Odete," Felismina akamwambia. "Wewe pua yako ni ya hamira. Au vipi, mwenzangu?" Akanigeukia.

Nikajibu, "Divai changa ina tabia zake." Ndivyo nilivyojibu, Mungu anisamehe, ingawa blanketi la farasi ninalijua, ni ugonjwa wa pipa, na nimelikataa mara mamia kazini.

Sasa juzi Felismina amekuja kwangu anang'aa, ameleta karatasi ya kubandika kwenye chupa ili nimsaidie kukagua herufi. Juu limeandikwa jina la Belmiro na la mama yao. Chini, kwa herufi ndogo, yameandikwa maneno yangu, forosadi na maua ya pori na yote, na jina langu kamili. Watatia chupani wiki ya baada ya sikukuu ya São João, mwishoni mwa Juni. Nikinyamaza, pengine divai ni nzuri na Odete ni Odete. Nikisema, nitampoteza Felismina, wakala atamcheka Belmiro, na mimi nitabaki nani? Nifanye nini, dada yangu?

Ni mimi, Pua Iliyozimika, Gaia.

*

Pua Iliyozimika, barua yako sikuiweka foleni na nyingine. Nilikujibu kwa posta siku ileile niliyoisoma, na leo ninalichapa jibu lile kwa idhini yako, neno kwa neno.

Pole, mwanamke mwenzangu. Nimelisoma lile la shati mara mbili, nikaenda kusimama dirishani. Umefiwa mara ya pili, na safari hii hukupikiwa supu na jirani yeyote kwa sababu hukumwambia yeyote. Hapo nakuhurumia kwa moyo wote, na hapo huruma yangu inaishia.

Kuumwa pua si kosa. Ulimi ndio uliokosa, na ulikosa mara mbili. Kule chini kwa mapipa ulijisahau, binadamu tunajisahau. Lakini kule juu ya meli, Odete alipokutajia ugonjwa unaoujua kwa jina na kwa sura, ulikuwa umekaa kitini, umetulia, una nafasi ya kufikiri, na ukachagua jina lako. Usiniambie habari ya kumpoteza Felismina. Unadhani utamshika vipi mwaka wa kesho, chupa zikianza kurudi?

Na hilo la "pengine ni nzuri" liache. Wewe uliishi kwa kukataa pengine za watu.

Sikiliza sasa. Panda treni kesho, si wiki ijayo. Usimpigie simu, simu ni pazia. Nenda na mtu mwenye pua nzima, mmoja wa wale uliowafundisha kazi, na umwambie ukweli njiani ili usiwe na pa kukimbilia mkifika. Ukimwona Belmiro, usianze na homa, usianze na marehemu. Anza hivi: "Sikunusa kitu." Kisha nyamaza, na akikufokea, pokea. Ukitoka hapo, waambie Felismina na Odete siku hiyohiyo, wote wawili pamoja, kabla habari haijawafikia kwa njia ya nyuma. Halafu muone daktari wa pua na koo. Wapo wanaorudishiwa harufu, wapo wasiorudishiwa, lakini anayekaa sakafuni na shati hatajua yeye ni yupi. Na mwambie mwanao aje akubadilishie jiko la gesi, maana unaishi peke yako na hutaisikia ikivuja. Hilo hukuniuliza, lakini nimekujibu.

*

Wasomaji, mwenzetu alikwenda. Ameniandikia tena, na ameniruhusu niwaambie.

Alifuatana na binti mmoja aliyemfundisha kazi. Walimkuta Belmiro anafunga matawi ya mizabibu, na akaendelea kuyafunga muda wote alipokuwa akiambiwa. Alipofika mwisho wa mstari ndipo akasema, "Lile pipa la tatu lilininukia vibaya tangu Machi. Ulipolisifu nikajua ubaya uko kwangu, sina pua ya watu wakubwa. Siku zile zote nilikuwa nashuka kulinusa, najilazimisha kulipenda."

Mwenzetu anasema angeona afadhali kupigwa kofi.

Yule binti aliyaonja yote manne. La tatu lilikuwa limeharibika kabisa, la nne limeanza. Mawili ya kwanza ni safi, na binti alisema ni mazuri kweli, kisha akamgeukia Belmiro akamwomba aseme yeye mwenyewe anasikia harufu gani. Akainusa glasi tena, kisha akasema: ngozi ya chungwa, na vumbi la njia baada ya manyunyu. Hayo ndiyo yatakayoandikwa kwenye chupa, chini ya jina lake tu. Felismina hakuzungumza na rafiki yake kwa siku kumi na moja. Odete alikwenda nyumbani kwa mwenzetu siku ya pili baada ya kuambiwa, na mkate wa moto, akakaa, akamwambia, "Na mimi ulitaka kunifanya mjinga wa blanketi," kisha akaosha vyombo vyote vilivyokuwa jikoni.

Siku ile, mwenzetu alipokuwa akiagwa kituoni Pinhão, Belmiro hakumpa mkono. Alisema tu, "Septemba njoo. Lakini uje kuvuna, si kuonja."

Ananiuliza kama aende, au ile ilikuwa adabu tu ya mtu wa shamba.

Nenda, dada. Vaa viatu vizito, yale matuta hayana huruma na magoti ya mjini. Fika kabla ya jua, chukua mstari utakaopewa, na usitangulie kuketi kivulini kabla ya wenzako.