Saa ya Kikao na Maji ya Juani

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Baleni sote wazima. Mama yako mdogo kajifungua binti mwenye sauti kama yangu.

Unauliza uingie bodi ya maji huko Mwanza, mtu wa pwani peke yako, au utakuwa pambo tu. Ingia! Ujanani niliingia bodi ya hospitali hapa Mafia, mtu wa kisiwa cha Juani, ng'ambo ya maji, peke yangu. Mara mbili waliitisha kikao maji yamekupwa, mashua haipiti. Wakagawa dawa bila sisi, na mwenyekiti akasema, "Wa Juani hawapendi vikao."

Nikaomba kikao kifuatacho kije Juani, saa wapange wenyewe. Wakapanga. Mashua ikakwama, wakaja wanakanyaga tope, viatu mkononi.

"We binti, si ungetuambia!" mwenyekiti akafoka.

"Si mngeniuliza!"

Siku hiyo hiyo zahanati yetu ikapangiwa dawa, na tangu hapo hawakuitisha kikao bila kuniuliza maji.

Basi kikalie kiti hicho, na siku ya kwanza uliza nani anapanga saa. Uliza kwa sauti.

Bibi yako,
Mwanakombo